Vitabu Vilivyohamia Ng'ambo ya Chumvi

Mama alipiga simu asubuhi kunipa habari za mchwa. Wameingia chumba cha uani, akasema, wamekula mguu wa kabati, wamekula msala wa zamani wa baba, na ile kalenda yenu mliyoichorachora nyuma nayo wameitafuna, kimebaki kipande.

"Nikitupe?" akauliza.

"Kimebaki kipande gani?"

"Kipande gani! Mimi nitajuaje? Kina mto, halafu kina kitu kama sufuria."

Haikuwa sufuria. Ilikuwa ngome, na niliichora mwenyewe, ulimi nje, huku watu wawili wakinielekeza kwa wakati mmoja. Nilikuwa kazini, watu wamenizunguka, nikajikuta nacheka peke yangu kama mwehu. Halafu macho yakaanza kuwasha, nikatoka nje kidogo.

Nchi yetu iliitwa Ng'ambo ya Chumvi. Ilianzia pale mashamba ya chumvi yanapoishia, kaskazini ya mji wa Bagamoyo, mahali ambapo watoto hatukuruhusiwa kufika. Na kwa kuwa hatukuruhusiwa kufika, hakuna aliyeweza kutubishia kwamba haipo. Ilichezwa barazani kwa Mama Mkubwa, dada yake mama, jirani kabisa na kwetu, tukishatoka chuoni kusoma Kurani na joto limeanza kulegea. Hatukuhitaji vitu vingi. Dadu moja iliyotoka kwenye ludo, kalenda ya mwaka uliopita iliyogeuzwa upande mweupe, na Da Rukia.

Da Rukia alikuwa binti wa Mama Mkubwa, amenizidi miaka michache. Siku hizi najua jina la ugonjwa wake, siko seli, yaani selimundu, na najua ni mambo ya damu. Wakati ule watu wazima walisema tu, "Rukia mifupa imemwamka," na siku hizo alilala chumbani mlango umerudishwa. Siku nyingine alikaa barazani, mgongo ukutani, miguu kainyoosha mkekani, kitenge juu yake. Mchezo alikuwa ameupata hospitalini, kwa binti mmoja wa Dar aliyelazwa kitanda cha jirani. Msimulizi anasema unachokiona, wewe unasema unachofanya, na dadu inasema kama umefanikiwa. Ndiyo sheria yote. Yaliyobaki aliyatia Da Rukia mwenyewe.

Tulikuwa wachezaji watatu. Kaka yangu Saidi alikuwa Jemadari Chuma. Mwajuma, aliyeletwa kutoka Mkange kuishi kwa shangazi yake nyumba ya pili ili asome mjini, alikuwa mwindaji anayesema na wanyama, na alikuwa na chui. Mimi nilikuwa mpishi. Nililia nilipopewa upishi. Da Rukia akaniambia hakuna msafara uliofika popote bila mpishi, kisha akanipa upawa ambao ukiugonga chini mara moja kila mtu anasema kweli. Nikanyamaza. Saidi mpaka leo anaudai ule upawa.

Kilichonishangaza ni kwamba Da Rukia hakuandika kitu. Ramani tulichora sisi, nyuma ya kalenda. Yeye alifumba macho tu. Ukimwuliza mvushaji wa mtoni anaitwa nani, anakujibu. Ukimwuliza kiboko wa pale mtoni anachukia nini, anakujibu: filimbi. Nchi nzima ilikuwa ndani yake, na watu wake na mvua zake. Na mimi, kwa akili yangu ya mtoto, nikapiga hesabu nikapata jibu. Nchi ni nzito. Imejaa ndani ya mtu mmoja mwembamba. Ndiyo maana mifupa inamwuma. Sikumwambia mtu, kwa kuwa niliona ni jambo ambalo kila mtu analijua na wanaona haya kulitaja.

Vitabu vilikuja na Mjomba Hemedi. Alikuwa utingo wa lori, na lori lao lilizoea kusimama Msata ili watu wapate kula, kabla ya kukata barabara ya kuja kwetu. Pale akamkuta mtu anauza mitumba, na chini ya suruali kuna boksi la vitabu. Akachukua vinne kwa sababu jalada moja lilikuwa na joka.

"Shikamoo Mjomba," tukasema kwa pamoja.

"Marahaba. Nimewaletea vitabu vya Kizungu. Msome mpate akili, si kukaa barazani kurusha dadu kama wazee wa kamari."

Vilisafiri juu ya magunia ya vitunguu. Kurasa zake zilinuka vitunguu siku ile, zikanuka vitunguu mwaka mzima, na hata sasa nikimenya kitunguu kibichi huwa nasikia kama kuna mlango wa pango unafunguliwa mahali.

Cha joka nilikinyakua mimi. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, lakini nilikuwa na kamusi ya shule na kiburi. Nikaanza mwanzo, kama vitabu vinavyosomwa. Namba moja, shujaa yuko mlangoni mwa pango. Namba mbili, anakunywa supu na bibi kibogoyo. Namba tatu amekufa. Namba nne anaogelea. Namba tano amekufa tena, safari hii kwa nyoka. Nikaendelea hadi kichwa kikauma, kisha nikaenda kwa Saidi.

"Aliyeandika hiki kitabu hayuko sawa," nikamwambia.

Saidi akasoma kidogo, akakunja uso. "Huyu shujaa siye mtu. Ni jini. Mtu gani anakufa halafu anakunywa supu?"

Tukampelekea Da Rukia. Alikisoma kimya, akarudi nyuma, akaenda mbele, akaweka kidole ukurasa mmoja na kidole kingine ukurasa mwingine. Kisha akacheka mpaka akashika mbavu.

"Zai, wewe umekisoma kama mtu anayeingia kila nyumba ya mtaa badala ya kwenda aliyoalikwa. Sikiliza. 'Ukitaka kugonga mlango, nenda namba themanini. Ukitaka kuzunguka nyuma, nenda mia mbili na kumi.' Umeona? Hakisomwi moja kwa moja. Kinakuuliza."

"Kitabu kinauliza?"

"Kinauliza. Hiki kitabu ni msimulizi." Akakigeuza kuangalia mgongo wake, kama vile mtu mwingine angekuwa amejificha kule. "Kinafanya kama ninavyofanya mimi."

Alisema vile kwa sauti ya mtu aliyesikia anaitwa kwa jina lake katika stendi ya ugenini.

Siku chache za mwanzo tulivicheza vitabu vyenyewe, na Ng'ambo ikakaa imekunjwa. Halafu Saidi akasema neno lililotaka kutuvunja.

"Basi tuhamie huku moja kwa moja. Huku kila kitu kimechapishwa. Ng'ambo tumeitunga tu."

"Na aliyechapisha aliitoa wapi?" Da Rukia akauliza.

"Kwa Wazungu."

"Na Wazungu waliitoa wapi? Waliiokota? Nao wametunga tu, Saidi."

"Lakini yao ni kitabu!"

Da Rukia aliikunja kalenda taratibu, akaiweka chini ya mto wake. Sikuwahi kufikiria kwamba nchi inaweza kuachwa kama nguo iliyobana. Mwajuma ndiye aliyetuokoa. Alikuwa anakwaruza ukoko wa uji kwenye sufuria, hakuinua hata kichwa.

"Mimi siendi," akasema. "Chui wangu nitamwacha na nani?"

Chui alikuwa na mimba. Saidi mwenyewe alikubali kwamba chui mwenye mimba hahamishwi. Ikabidi vitabu vihamie kwetu.

"Waje," Da Rukia akasema, kalenda ishatoka chini ya mto. "Lakini mgeni akifika anafuata desturi za nyumba."

Sijawahi kufanya kazi nikaifurahia kama ile. Tulitandaza kalenda mkekani, vitabu vinne pembeni, na kila kitu kilichokuwa mle ndani tukaanza kukitafutia pa kukaa. Wageni wote waliingia Ng'ambo kupitia Msata, kwa kuwa ndipo kila mtu wa mbali anaposhukia. Kwa hiyo ile nyumba ya walevi ya kitabu cha kwanza ikawa mgahawa wa Msata, na walevi wakawa madereva wanaogombania supu ya utumbo. Vile vijitu vya kijani vyenye meno, ambavyo kamusi haikuvijua, hatukuvihangaikia. Vilikuwa vibwengo. Pwani yote inavijua vibwengo. Msitu usio na ndege ukawa miwa ya Makurunge, ambayo Saidi aliapa kwamba ukiingia katikati yake husikii hata adhana. Mashujaa wa vitabuni walivaa chuma kuanzia kichwani hadi miguuni, na Mwajuma akauliza kama wana akili.

"Na joto hili? Watachemka humo ndani kama muhogo."

Chuma kikavuliwa Msata, kikabaki kwa mwenye mgahawa kwa amana.

Kilichotushinda ni mlima. Kitabu cha pili chote kilikuwa mlimani, na mlima ulikuwa mweupe. Kamusi ikasema theluji. Theluji tulikuwa hatujaiona hata mmoja.

"Ni barafu," Saidi akasema. "Kama hizi za dukani, za kwenye mifuko."

"Mlima mzima wa barafu?" Mwajuma akashangaa. "Umeme analipa nani?"

Tulitaka kukitupa kile kitabu. Da Rukia akafumba macho.

"Mweupe kabisa?"

"Kabisa," Saidi akasema, kidole kwenye mstari.

"Unang'aa juani mpaka macho yanauma?"

Akatafuta. "Ndiyo. Hapa. Wamejifunga vitambaa machoni."

"Ukikanyaga unaacha nyayo?"

"Ndiyo."

"Basi hiyo ni chumvi."

Tukatazamana. Ilikuwa chumvi! Ilikuwa chumvi tangu mwanzo, na mlima ulikuwa wetu tangu mwanzo, sema mwandishi hakuinama kuuonja. Saidi aliruka juu akapiga kichwa kwenye kamba ya nguo. Nikapewa penseli kuuchora, nikauchora mkubwa kuliko ngome, na hakuna aliyenikataza.

Saidi ndiye aliyekuwa wa kwanza kufa. Jemadari Chuma alikuwa ndani ya mlima, kitabu kikampa milango miwili, akachagua wa kushoto bila kutupa hata nafasi ya kumshauri. Akafungua ukurasa, akasoma, midomo ikabaki wazi.

"Kinasemaje?" nikauliza.

"Kinasema safari yako imeishia hapa."

Ng'ambo hakukuwa na kufa. Ilikuwa sheria ya Da Rukia ya siku ya kwanza kabisa, na sisi tuliichukua kama ilivyo, hatukujiuliza kwa nini mtoto aliyejifunzia mchezo wodini angeiweka sheria hiyo. Saidi alikifunga kitabu.

"Imechapishwa," akasema.

"Lete nione." Da Rukia akasoma, akasoma tena, kama wakili. "Kimesema safari imeisha. Hakikusema amezikwa wapi. Kimesema?"

"Hapana."

"Umeona amezikwa, Mwajuma?"

"Sijaona kaburi."

"Desturi ya Ng'ambo, ambaye hajazikwa anatafutwa."

Tulimtafuta juma zima. Chui alinusa, mimi nikagonga upawa chini na vibwengo wakasema kweli, na hatimaye tukamfukua Jemadari kutoka kwenye tumbo la mlima, mzima, amekauka, amekunjamana, amehifadhiwa kama samaki ng'onda. Kwani chumvi inaozesha kitu? Nikamloweka kwenye sufuria, maana hiyo ilikuwa kazi ya mpishi na si ya mwingine yeyote, na Da Rukia akasimulia jinsi kidole kimoja kilivyoanza kujaa maji, kisha mkono, kisha shavu. Jemadari akafumbua macho akalalamika kwamba ana kiu. Saidi aliingia ndani akanywa jagi zima la maji ya kweli, akarudi shati limelowa, anacheka.

Masika ikaingia, na baridi yake. Siku moja tulitoka chuoni tukakuta gari la kukodi mbele ya baraza, Mjomba Hemedi amembeba Da Rukia mikononi kama mtoto mchanga. Alikuwa amefumba macho. Hakuwa anasimulia, alifumba kwa namna nyingine. Mama Mkubwa akapanda na kapu la nguo, gari likaondoka kwenda Dar.

Baraza lilikuwa tupu, mkeka umekunjwa. Nikaketi pale na ile hesabu yangu ikanirudia, sasa ikiwa kubwa zaidi. Tulimwongezea. Nchi yake peke yake ilikuwa inamwuma, na sisi tukamtwisha juu yake miwa, vibwengo, mgahawa, na mlima mzima wa chumvi. Nikawaeleza Saidi na Mwajuma. Nilitegemea watacheka. Saidi hakucheka.

"Sasa tufanyeje?"

"Tumpokee," nikasema.

Ndivyo mtu akija na mzigo kichwani unavyofanya, unatoka mlangoni, unampokea. Kitabu cha nne kilikuwa bado hakijapata mahali. Tungekiingiza wenyewe, na nchi yote iliyobaki tungeishika sisi, yeye alale mwepesi. Saidi akasema msimulizi awe mimi. Nikafumba macho kama nilivyomwona akifanya. Sikuona kitu, wekundu wa kope tu, na nzi anapita sikioni.

"Mama yake mvushaji anaitwa nani?" Mwajuma akauliza, kwa ukali, kama anayefanya mtihani.

"Bi Tausi," nikasikia mdomo wangu unasema. "Ana jino moja, na anapenda kuulizwa habari zake."

Nikafumbua macho. Walikuwa wananitazama wote wawili. Sikujua Bi Tausi ametoka wapi, lakini alikuwa amekuja na kiti chake, na nyuma yake niliona njia, na njiani kuna mtu mwingine. Jioni ile mguu wangu wa kulia ulianza kuuma. Nilifurahi kupita kiasi. Nchi ilikuwa inahamia kwangu. Leo nadhani ni kwa sababu nilikuwa nimeukalia.

Baada ya siku kadhaa Mama Mkubwa alipiga kwenye simu ya mama, wakasalimiana, wakaulizana, mama akajifuta macho kwa upande wa khanga, kisha akanipa mimi simu.

"Zai," sauti ya Da Rukia ilikuwa nyembamba. "Wamefika wapi?"

"Sikwambii."

"Kwa nini?"

"Wewe pumzika. Nchi ninayo mimi. Mguu umeshaanza kuniuma, kwa hiyo usiwe na wasiwasi."

Nikasikia magurudumu ya kitanda yanapita kule, na mtu anakohoa. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi nesi akamwuliza kuna nini.

"Zai, mdogo wangu, mifupa haiumi kwa ajili ya Ng'ambo. Ni damu. Daktari amenichorea kwenye karatasi. Chembe zangu zimepinda kama mundu, zinakwama njiani."

"Kwa hiyo nchi haina uzito?"

"Hata chembe."

Nilisikia aibu na raha kwa pamoja. Nikataka kumrudishia palepale.

"Hapana, kaa nayo," akasema. "Nikirudi nataka kuwa mgeni."

Alirudi. Nasema mapema, maana najua jinsi watu wanavyoshika pumzi mtoto mgonjwa akitajwa katika habari za zamani. Alirudi, na hadi leo yupo, ana duka la vitambaa na sauti kubwa kuliko yangu. Lakini siku aliyorudi alikuwa amekonda, ananuka dawa ya hospitali, na sisi watatu tulikuwa na hofu. Je, akikuta tumeiharibu? Akakaa mahali pake, mgongo ukutani, akaanza kutukagua.

"Mji wa wachawi wa kitabu cha nne mmeuweka wapi?"

"Mkange," nikasema.

"Kwa nini Mkange?"

"Nilisema mimi," Mwajuma akadakia. "Kwetu bado hatuna umeme. Giza watalipata la kutosha."

Da Rukia akafuata kwa kidole njia mpya kutoka Msata, akapita kwenye miwa, akapita kwa Bi Tausi, ambaye hakuwa anamjua, akamwulizia, nikamweleza habari za jino. Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeonja mchuzi wa mwingine na kukuta uko sawa.

"Haya," akasema. "Mimi ni nani?"

Hatukuwa tumelifikiria. Miaka yote ile alikuwa kila mtu: mvushaji, malkia, kiboko, mvua. Hakuwahi kuwa mtu mmoja anayetaka kufika mahali.

"Chagua," nikamwambia.

Alikunja pembe ya kitenge, akaikunjua.

"Mjumbe," akasema. "Yule anayepeleka habari. Hapandi punda, hapandi kitu. Anakimbia tu."

Saidi akainamisha uso. Mimi nilitaka kulia, lakini nilikuwa nimeshajifunza kwamba msimulizi hana nafasi ya kulia huku mchezaji anasubiri.

"Uko ukingoni mwa mashamba ya chumvi," nikasema. "Ni asubuhi, ardhi imekauka, iko tambarare. Nyuma yako vibwengo wamekuona. Wako wengi. Unafanyaje?"

Aliichukua dadu, akaitikisa ndani ya viganja viwili.

"Nakimbia."

Dadu ikabingiria mpaka kwenye ndala za Mama Mkubwa mlangoni. Sita.

"Unakimbia," nikasema, na niliiona ile chumvi inavyoruka kwenye visigino vyake, naapa niliiona. "Unawaacha. Upepo uko nyuma yako. Kuna mfereji mbele, mpana."

"Nauruka. Nakimbia."

Tano. Mwajuma akasimama. Saidi akasimama. Sita tena, na sote tukawa tunapiga kelele, "Kimbia, Da Rukia! Kimbia!" mpaka kuku wakatoka uani, na Mama Mkubwa akachomoka jikoni na mwiko mkononi, unga hadi viwikoni, akidhani tumevamiwa na mwizi.

"Nani? Nani anakimbia?"

"Ni mimi, mama," Da Rukia akasema, ameketi palepale mkekani, jasho linamtoka, meno yote nje. "Usinisimamishe, nakaribia kufika."